Mwinuko wa Barabara na Foleni kwenye Taa

Malalamiko ni yaleyale: taa ya kijani huwaka, na kabla nusu ya foleni haijapita, nyekundu imekwisha kurudi. Wengi hudhani taa imepangiwa muda mfupi. Penye mwinuko, mara nyingi sababu ni lori lililo mbele.

Mwinuko wa asilimia 5 maana yake barabara hupanda mita 5 katika kila mita 100. Mwongozo wa kihandisi wa Marekani wa mwaka 2000 hukadiria kuwa kila asilimia 1 ya mwinuko hupunguza kwa nusu asilimia magari yanayoweza kupita wakati wa kijani. Kwa mwinuko huo, basi, hupungua magari 5 katika kila 200, hasara ambayo dereva haioni. Lakini mwongozo huohuo huhesabu gari zito moja kuwa sawa na magari madogo 2, tena kwenye tambarare. Barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma, ipitishayo shehena za Zambia na Kongo, hukata vilima. Semi-trela iliyosimama mwinukoni huondoka kwa gia ya chini kabisa, na bajaji na daladala zilizo nyuma yake hazina budi kufuata mwendo wake.

Muda wa kijani waweza kuongezwa, ila sekunde hizo hutolewa kwa wanaotoka barabara ya pili, nao wana foleni yao. Anayepeleka malalamiko ofisi ya kata ataje upande wa makutano, saa, na kama malori ndiyo yanayotangulia.

Hatari kubwa iko kwa wanaoshuka. Gari dogo la kilomita 50 kwa saa, likifungwa breki kwa kawaida, husimama baada ya mita 46 hivi kwenye tambarare, pamoja na sekunde 1 ya dereva kutambua taa. Kwenye mteremko wa asilimia 5 huhitaji mita 52, na lori lenye shehena, breki zikiwa zimepata moto, huhitaji zaidi. Ndiyo maana taa ya njano, ambayo kwa mwendo huo hukadiriwa sekunde 3.3 tambarare, hupaswa kufikia 3.7 kwa wanaoshuka.

Mita 6 hizo zatosha kulifikisha gari katikati ya kivuko. Watoto wa shule wanaovuka chini ya mteremko wafundishwe kutotazama taa pekee, bali kungoja hadi gari la kwanza lisimame kabisa.