Wivu wa jini: mtamu kitabuni, sumu nyumbani

JE, wewe ni mmoja wa wale wanaofungua riwaya ya mapenzi mara tu matatu inapokwama Ngong Road, wakaja kushtuka wamefika Karen? Basi yule bwana unamfahamu. Ni mnyonya damu, au mtu anayegeuka mbwa mwitu, na akishampenda mwanamke humhesabu kuwa mali yake milele. Atamlinda. Atamfuata kila aendako. Ole wake mwanamume mwingine atakayemtupia jicho!

Usione haya. Watu wa Pwani wanamjua tangu zamani kwa jina la jini mahaba, ambaye husemekana humpenda binadamu, humjia usiku na kumwonea wivu mumewe. Na hapo Karen penyewe aliishi hadi mwaka wa 1931 Karen Blixen, mkulima wa kahawa ambaye kitabu chake cha hadithi cha 1934 kina mzimu wa kaka anayerudi kula na dada zake. Kupenda hadithi kama hizi si ugonjwa. Kurasa chache kabla ya kulala hutuliza akili kuliko kuhesabu madeni.

Utamu wake unatokana na jambo moja: wewe msomaji unajua kwamba bwana huyo hatamdhuru bibie, na kwamba mwisho utakuwa mwema. Tena wanawake wa riwaya hizi si wa kuonewa. Mercy Thompson, aliyebuniwa na Patricia Briggs katika Moon Called (2006), ni fundi wa magari. Jirani yake, mkuu wa kundi la mbwa mwitu, akizidisha amri, yeye humwachia gari bovu uani limkere macho. Akisema hapana, inasikika.

Sasa mtazame Edward katika Twilight ya Stephenie Meyer (2005). Huingia chumbani mwa msichana usiku kumtazama akilala, naye msichana hana habari. Katika Eclipse (2007) anaharibu gari lake ili asiende kumwona kijana mwingine. Mvue umilele wake, mpe kitambulisho na nyumba ya kupanga. Je, bado utayaita mapenzi?

Mapenzi ya kumilikiwa huanza kwa sauti tamu. Anataka namba ya siri ya simu yako, "kwa sababu hatufichani". Dada yako hampendi, marafiki zako ni wabaya, nguo ile usiivae tena. Baadaye mshahara wako anaushika yeye, na ukichelewa dakika kumi unahojiwa kama mshukiwa. (Wako pia wanawake wanaowafanyia wanaume haya.) Mwili hutangulia kulalamika: usingizi unapaa, kichwa kinagonga, tumbo linasokota na moyo unakwenda mbio usikiapo lango likifunguliwa. Mtu anaweza kurudi zahanati mara tatu, akapewa dawa ya tumbo kila mara, na asiulizwe habari za nyumbani. Mwambie daktari. Hofu ya muda mrefu huzaa sonona, nayo hutibika.

Wala usidhani ni shida ya mitaa ya mabanda tu. Karen, ua ni mrefu na nyumba ya jirani iko mbali, kilio hakivuki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake nchini Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15.

Sheria ya Kenya ya 2015 kuhusu ukatili wa nyumbani haingoji upigwe. Kumwandama mtu, kumtesa kwa maneno na kumnyima fedha pia vimo, na mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda. Namba 1195 hupigwa bure, mchana na usiku.

Ukiamua kuondoka, usimtangazie. Wakati wa kuachana ndio hatari zaidi, kwani mwenye kumiliki ndipo anapoona mali inamponyoka. Kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli viweke kwa mtu unayemwamini, na ukipiga simu kuomba msaada, tumia ile asiyoikagua.