Marekani: kijiji kilichoishi kwa jengo moja la maduka

Mahali familia zilikuwa zinakuja kununua viatu na kutazama sinema, leo wafanyakazi wanafunga vifurushi vya Amazon. Ndivyo mambo yalivyogeuka katika North Randall, kijiji kidogo chenye wakaaji karibu elfu moja, pembeni ya mji wa Cleveland, jimbo la Ohio.

Jengo la maduka la Randall Park lilifunguliwa Agosti 1976. Tajiri aliyelijenga, Edward J. DeBartolo wa Youngstown, alichagua kiwanja cha zamani cha mashindano ya farasi, karibu na barabara kuu. Lilikuwa na mita za mraba zaidi ya 200.000, sawa na viwanja karibu 28 vya kabumbu. Wakati huo lilitangazwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Sears, JCPenney, May Company, Higbee's na Horne's yalikuwa ndani, pamoja na maduka madogo mengi. Kijiji kilijivunia hata kikachora mifuko miwili ya dukani kwenye alama yake rasmi.

Lakini hesabu haikuwa nzuri tangu mwanzo. Cleveland ilikuwa na watu zaidi ya 914.000 mwaka 1950. Mwaka 1980 walibaki karibu 574.000. Viwanda vya chuma vilipunguza kazi. Hata hivyo, majengo mengine ya maduka yaliendelea kujengwa pande zote za mji. Maduka yaliongezeka, wanunuzi hawakuongezeka.

Duka kubwa likifunga, madogo jirani yanakosa wapita njia, nayo yanafunga. JCPenney iliondoka mwaka 2001, Dillard's ikafuata mwaka 2002. Mwaka 2009 jengo lenyewe lilifungwa. Kwa miaka mitano lilibaki karibu tupu, mpaka mashine za kubomoa zilipoingia mwishoni mwa 2014.

Kwa kijiji, hasara haikuwa ya maduka tu. Ohio, mfanyakazi analipa kodi ya mapato kwa mji anamofanyia kazi, hata kama analala kwingine. Kila muuzaji aliyepoteza kazi alipunguza pia pesa za polisi, za wazima moto na za barabara.

Ndiyo sababu kuja kwa Amazon kulipokelewa kwa furaha. Ghala lake lilifunguliwa 2018, likiwa na mita za mraba karibu 79.000 na wafanyakazi zaidi ya 2.000. North Randall haiko peke yake: Euclid Square, nje ya Cleveland, na Rolling Acres, mjini Akron, nayo yalibomolewa na kuwa maghala ya kampuni hiyo hiyo.

Wengi wanasema intaneti ndiyo iliyoua majengo haya. Tarehe zinaonyesha sivyo kabisa: Randall Park ilianza kuugua wakati watu wachache sana walikuwa wananunua kwa kompyuta. Intaneti ilikuta mgonjwa kitandani, kisha ikarithi kiwanja chake.

Inafaa kukumbusha hata hivyo kwamba kijiji kimetoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Zamani bajeti yake ilitegemea sana jengo moja. Leo inategemea sana ghala moja, ambamo mashine zinabeba rafu na watu wanapanga bidhaa. Siku kampuni itakapohitaji mikono michache zaidi, North Randall itakuwa ya kwanza kuhisi.