Kiungo, Kifundo na Ubavu: Istilahi za Mifupa ya Kifua

Neno kiungo limetwishwa kazi nyingi katika Kiswahili. Hutaja mkono au mguu, hutaja mahali mifupa inapokutana, na jikoni hutaja bizari na mdalasini. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Lakini mwalimu atakayetaka kufundisha kwa Kiswahili yale yanayofundishwa kwa Kiingereza huko Chiromo, ambako wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi husoma muundo wa mwili, atakwama upesi, hasa atakapofika mgongoni.

Mwanadamu ana jozi 12 za mbavu na pingili 12 za kifua. (Pingili, neno la muwa, limefaa hapa kuliko mkopo wowote.) Aghalabu kila ubavu hukutana na uti wa mgongo mara mbili. Kichwa cha ubavu wa 5, kwa mfano, hugusa pingili ya 4 na ya 5 pamoja na gegedu iliyo baina yake. Nyuma ya shingo ya ubavu huo pana kinundu, nacho hugusa mfupa uchomozao kando ya pingili ya 5 peke yake. Ubavu wa 1, wa 11 na wa 12 hugusa pingili moja moja. Tena hizo mbili za mwisho hazina mkutano wa kinundu.

Mikutano hiyo miwili hufanya kazi pamoja mithili ya bawaba. Katika mbavu za juu, kinundu hukaa ndani ya kishimo na kuzunguka, kifua kikainuka kwa mbele. Kuanzia ubavu wa 7 hadi wa 10 nyuso ni bapa. Kinundu huteleza, kifua kikatanuka kwa pande.

Kuiita yote miwili “kiungo cha ubavu” ni kuficha tofauti hiyo, kwani hata ubavu wenyewe ni mfupa na pia ni upande wa mwili. Kifundo cha kichwa na kifundo cha kinundu yangefaa zaidi, ijapokuwa kifundo kimezoeleka mguuni na mkononi.

Haja si ya darasani tu. Mgonjwa afikaye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta akisema ana kichomi cha ubavu kila avutapo pumzi, huenda anataja utando wa pafu, msuli, au mojawapo ya vifundo hivyo. Daktari aliyesoma kwa Kiingereza anajua tofauti, ila hana neno la kumwulizia.