Jicho la Angani Wakati wa Usiku: Droni, Sheria na Sitara ya Nyumba Zetu

Harusi za vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu siku hizi hufungwa kwa wingi Nairobi, walikohamia kwa masomo na kazi. Katika picha zinazoletwa nyumbani hapakosekani ile iliyopigwa usiku kutoka juu: kuba na minara ya Msikiti wa Jamia ikiwa katikati ya taa za mji, jengo la KICC likiwaka, na barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 ikinyooka kuelekea Westlands hadi James Gichuru. Kina mama huzitazama wakastaajabu, na kila mzazi mwenye arusi mbele yake hutaka za mwanawe ziwe vivyo hivyo.

Picha hizo hupigwa kwa droni, ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita ndege nyuki. Chombo chenyewe hatukilaumu. Rwanda hukitumia tangu mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini, na mwaka huo huo Zanzibar ilianza kukitumia kupiga ramani ya visiwa vyake. Tunalotaka kulieleza leo ni hukumu ya kukirusha usiku juu ya mji wa watu, kwa sheria ya nchi na kwa adabu ya nyumba.

Sheria inasemaje?

Kanuni za mwanzo, za mwaka 2017, zilibatilishwa na Bunge. Zinazotumika sasa zilitangazwa mwaka 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Kwa mujibu wake droni ni chombo cha anga wala si mchezo wa watoto: mwenye kuimiliki awe ametimiza miaka 18, nayo iwe imesajiliwa. Anayeirusha kwa biashara, kama wapiga picha wa harusi, huhitaji leseni ya urubani wa chombo hicho, na kampuni yake iwe na cheti cha uendeshaji.

Isipaa zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani takriban mita 120. Isikaribie kwa mita 50 mtu, gari wala jengo ambalo halimo katika mamlaka ya mrushaji. Isirushwe ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege, au kilomita 7 za kiwanja kidogo. Na usiku isirushwe ila kwa idhini mahsusi ya Mamlaka.

Msomaji na achukue ramani ya Nairobi ayapime masharti hayo. Kiwanja cha Wilson kiko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, na upande wa Eastleigh kuna kiwanja cha jeshi la anga. Hata ukichukua kipimo kidogo cha kilomita 7, katikati ya jiji imo ndani, Kibra imo, Kilimani imo na Kileleshwa imo. Ukichukua cha kilomita 10, Lavington, Kawangware na Westlands nazo zimeingia. Ama zile mita 50, barabara gani ya mjini utasimama katikati yake ukawa mbali kiasi hicho na majengo ya pande zote mbili? Basi tukiambiwa kwamba picha fulani ilipigwa katikati ya jiji usiku, ama mpigaji alikuwa na idhini ya maandishi, ama alivunja sheria. La tatu halipo.

Kwa nini usiku?

Baadhi ya vijana husema usiku mbingu ni tupu, kwa hiyo hapana madhara. Maneno haya si sahihi. Wilson ndiyo makao ya madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoanza mwaka 1957, na mgonjwa mahututi hangojewi mpaka kuche. Jinsi anga ya hapo ilivyosongamana tulionyeshwa tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo ilipogongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mchana kweupe. Waliokuwa katika ndege ndogo, watu wawili, walifariki. Hao walikuwa marubani wanaoongozwa kwa redio. Itakuwaje kwa kidude cha kilo moja ambacho hakuna rubani anayejua kwamba kipo?

Pili, sheria humtaka mrushaji akione chombo chake kwa macho yake. Gizani huona kitaa tu, wala hajui kama kiko mita 80 au mita 200. Vile vijicho vinavyokiwezesha chombo kukwepa kuta huhitaji mwanga ili vione. Usiku huwa kama vipofu. Na mitaa ya Kilimani na Kileleshwa imejaa winchi za ujenzi na nyaya za umeme.

Yaonekanayo dirishani

Lakini ambalo lawahusu zaidi kina mama ni hili. Mtu aishiye ghorofa ya tisa hudhani amesitirika kwa urefu wa jengo. Huliacha pazia wazi, huvua ushungi, huanika nguo barazani, kwa kuwa mbele yake hapana ila mbingu. Mchana kioo humsaidia kidogo kwa kurudisha nuru. Usiku mambo hugeuka: nje ni giza, ndani taa inawaka, na kila kilichomo chumbani huonekana kutoka nje, ilhali aliye ndani haoni kitu. Kamera iliyotengenezwa kwa picha za usiku huyakusanya hayo yote, hata kama mrushaji alikusudia kupiga taa za barabara.

Dini yetu imelizungumza jambo hili kabla ya kamera kuwako. Katika Suratun Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa, na katika Suratul Hujurat tumekatazwa kupelelezana. Na katika Hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo katika Sahihi mbili, mtu alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamkemea na kubainisha kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi jicho likipitia mlangoni au likipitia angani, hukumu yake haibadiliki.

Sheria ya nchi nayo iko upande huo. Kifungu cha 31 cha Katiba humhakikishia kila mtu faragha yake. Kanuni za droni hukataza kumpeleleza mtu au makazi yake bila ridhaa, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa aliyetumiwa picha zake bila ridhaa mahali pa kushtakia, nako ni afisi ya Kamishna wa Data.

Wazazi wafanye nini?

Kabla ya kutoa arbuni kwa mpiga picha, mtakeni awaonyeshe usajili wa chombo, leseni ya rubani, bima ya hasara za watu wengine, na, ikiwa ni usiku, idhini iliyotaja mahali na saa. Asiye nayo apige picha zake akiwa chini. Kisha mkubaliane kwa maandishi kwamba droni haitapaa wakati wa shughuli za wanawake, na kwamba picha hazitasambazwa kabla wenye arusi hawajazitazama. Bibi arusi aliyejistiri kwa wanaume ukumbini asije akafunuliwa na chombo kilichopita juu ya ua.

Ikiwa droni imesimama mbele ya dirisha lako, zima taa, shusha pazia, andika saa na upande ilikoelekea, ipige picha ukiweza, kisha mwarifu msimamizi wa jengo, polisi na KCAA. Usiitupie kitu. Tunajua watakaoitaja Hadithi ya asiye na lawama akimtupia kijiwe mchunguliaji. Hiyo ilimhusu mchunguliaji mwenyewe na jicho lake. Hapa mwenye kuchungulia yuko mbali, na utakachokiangusha, pamoja na betri inayoweza kuwaka moto, kitamwangukia mpita njia asiye na kosa. Madhara hayaondolewi kwa madhara.

Na kijana apendaye sanaa hii hatumfungii mlango. Katika desturi ya usafiri wa anga, usiku hauanzi jua linapotua, bali linapofika nyuzi 6 chini ya upeo. Kwa Nairobi, iliyo karibu na ikweta, hizo ni kama dakika 20 tu. Jioni dakika hizo huangukia Magharibi, na Swala haicheleweshwi kwa ajili ya picha. Lakini asubuhi mambo ni mepesi. Adhana ya Alfajiri hutangulia kuchomoza kwa jua kwa zaidi ya saa moja; aswali kwa utulivu, kisha zile dakika 20 za mwisho azikute mbingu bado ni za buluu na taa za mji hazijazimwa. Aende mbali na viwanja vya ndege, upande wa Limuru kwa mfano, na usajili wake mkononi, akiwa amekwisha kuiuliza Mamlaka kuhusu mahali hapo. Picha atakayoirudisha wazazi wake wataweza kuionyesha kwa yeyote, bila ya jirani kuona haya.

Wallahu aalam.