Utoto Mtakatifu kwenye Kigango cha Mbali

Kwenye vigango vya pembezoni mwa Bukoba na Muleba, padre hafiki kila Jumapili. Katekista ndiye anayeongoza ibada, na watoto hupangwa mabenchi ya mbele wakingoja imalizike. Mlezi anayetaka watoto hao wasali wenyewe hana haja ya kubuni chama kipya.

Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha chama cha watoto cha Utoto Mtakatifu baada ya kushauriana na Pauline Jaricot wa Lyon. Masharti yalikuwa mawili tu: mtoto asali Salamu Maria moja kila siku, na atoe sarafu moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wenzake wa nchi nyingine. Mwaka 1922 Papa Pius XI alikifanya kuwa shirika la kipapa. Masharti hayo hayataji sare wala kipaza sauti. Mchango wa sare ukitangulia sala, mtoto wa mjane hubaki nyumbani.

Kibali cha paroko ndicho hatua ya kwanza. Kisha watafutwe walezi wawili, si mmoja, kwa sababu mtu mzima hapaswi kubaki faraghani na mtoto wa mwenzake. Nusu saa baada ya ibada ya Jumapili inatosha. Vipindi vya jioni havifai: kuna wanaorudi nyumbani kwa miguu, migombani, na giza halingoji. Mdogo ambaye Kiswahili bado kinamsumbua asali Kihaya.

Rozari nzima humchosha mtoto wa miaka sita, na hilo halihitaji utafiti. Jaricot alikuwa na dawa yake tangu 1826: Rozari Hai, ambamo watu 15 waligawana matendo, kila mmoja na lake kwa siku. Kigangoni watoto watano wanaweza kugawana makumi matano. Rozari ya kimisionari inawafaa zaidi, maana kila kumi lina rangi yake: kijani ni Afrika, nyekundu Amerika, nyeupe Ulaya, buluu Oceania, njano Asia. Aliyeshika punje za njano anawaombea watoto wa Asia, na hapo hapo anajifunza jiografia. Wapewe uzi na shanga watunge wenyewe.

Na sarafu je? Isiyopatikana isidaiwe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, na miaka iliyofuata bibi wengi waliachiwa wajukuu yatima. Mkoa huu unajua maana ya mtoto kusaidiwa. Kikundi kikimchotea maji bibi mmoja au kumsombea kuni, sadaka ya mwezi imetimia.

Asiyeamini kwamba imani ya utotoni ina uzito amkumbuke Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo, Muleba. Alibatizwa mwaka 1921 akiwa mtoto, na mwaka 1960 akawa kardinali.

Somo wa Utoto Mtakatifu ni Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba. Inavutia kuzindua kikundi siku hiyo, lakini Krismasi vijiji vya Uhaya hujaa wageni kutoka Mwanza na Dar es Salaam, na orodha ya majina hupungua wakishaondoka. Bora kuanza mwishoni mwa Januari, shule zikishafunguliwa, kwa watoto waliopo.