Kupindua Mpango wa Maneno katika Kiingereza

Zamani, nalipokuwa mwalimu kijana, mzee mmoja alinijia na barua ya Kiingereza iliyotoka katika shule alikomwombea mwanawe nafasi. Akasema, "Mwalimu, nisomee, barua yasemaje?" Ndani yake mlikuwa na maneno haya: "Should your son be unable to come on the first day, his place will be given to another." Nalijua ya kuwa "should" maana yake ni yapasa, basi nikamfasiria hivi: "Mzee, wasema yapasa mwanao asiweze kuja siku ya kwanza; nafasi yake atapewa mwingine." Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, wamekwisha kumkataa," akaenda zake. Kumbe barua ilisema, "Ikiwa mwanao hataweza kuja siku ya kwanza, nafasi yake atapewa mwingine." Mtoto alikuwa amekubaliwa. Mwalimu mwenzangu aliponionyesha kosa langu, siku ile ilikuwa imekwisha kupita, na mtoto akakaa nyumbani mwaka mzima.

Kosa lilikuwa langu, wala si la barua. Tangu hapo nimejitahidi kujifunza habari ya maneno yaliyopinduliwa, nami napenda kuwaeleza waalimu wenzangu machache niliyoyapata, asije mwingine akampotosha mtu kwa namna ile.

Kila mwalimu ajua ya kuwa katika Kiingereza mtenda hutangulia, kisha kitendo, kisha mtendwa. Zamani haikuwa lazima hivyo. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100 hivi, majina yalikuwa na viishio vya kuonyesha ni nani atendaye na ni nani atendwaye. Tena neno la wakati au la mahali likitangulia, mara nyingi kitendo kilifuata papo hapo, na mtenda akaja nyuma. Wajerumani husema vivyo hivyo hata leo. Lakini viishio vile vilipopotea, mahali pa neno ndipo palipobaki kuonyesha kazi yake. Sisi twaweza kusema, "Kitabu mtoto amekipasua," wala hapana atakayedhani kitabu ndicho kilichopasua, kwa kuwa "a" na "ki" zatuonyesha mambo yalivyo. Mwingereza hana msaada huo. Kwa hiyo kupindua kumebaki katika mahali pachache tu, na kila mahali kuna sababu yake.

Kwanza, ni maneno ya kukana au ya kupunguza yakitangulizwa ili yatiwe nguvu, kama "never", "seldom", "nowhere", "not only". Mtu asema kwa kawaida, "I have never seen such rain." Akitaka kuonyesha ajabu yake husema, "Never have I seen such rain," yaani, Kamwe sijaona mvua ya namna hii. Angalia ya kuwa kitendo kisaidizi tu ndicho kilichomtangulia mtenda. Kama hakuna kisaidizi, sharti kuleta "do", "does" au "did", nacho kitendo chenyewe hubaki kitupu: "Seldom does he speak." Wanafunzi wengi huandika "does he speaks", wakitia alama ya mtenda mara mbili.

Neno "only" lina mtego wake: "Only when the bell rang did the children go in," yaani, Watoto hawakuingia hata kengele ilipolia. Kinachopinduliwa ni sehemu ya pili, iliyo fungu kuu; sehemu ya kengele haiguswi.

Tena si kila neno la kukana lipindualo. "At no time was the boat in danger" maana yake, Chombo hakikuwa hatarini wakati wowote. Bali "In no time the boat was in danger" maana yake, Punde si punde chombo kilikuwa hatarini. Katika neno la kwanza kukana kwashika sentensi nzima, ndiyo sababu ya kupindua. Katika la pili kwashika wakati tu, kuonyesha ufupi wake. Mtu asiyejua jambo hili aweza kuwapa watu habari iliyo kinyume kabisa.

Pili, ni maneno ya mahali. "At the door stood a stranger," yaani, Mlangoni palisimama mgeni. Hapa lugha yetu yakubaliana na Kiingereza: mahali hutangulia, na mgeni, aliye habari mpya, huwekwa mwisho. Kitendo chenyewe ndicho kinachohama, wala "did" haihitajiwi. Lakini mtenda akiwa ametajwa kwa kiwakilishi, hapinduliwi: "Here comes the teacher," bali "Here he comes."

Tatu, ni sharti. Kiingereza cha heshima huweza kuacha "if" na kutanguliza "had", "were" au "should". "Had you come earlier, you would have found him," yaani, Ungalikuja mapema, ungalimkuta. Sisi nasi hatuhitaji "kama" hapo, maana "ngali" yatosha. Kukana kukiwapo, "not" hukaa baada ya mtenda: "Had I not known." Ndiyo namna iliyonishinda katika barua ya yule mzee.

Nne, ni dua na baraka: "May God keep you," yaani, Mungu na akulinde.

Jinsi ya kufundisha ni hii. Kabla ya kufasiri, mwanafunzi na arudishe kwanza maneno katika mpango wa kawaida. "Should your son be unable" na aandike, "If your son should be unable." Akiisha kufanya hivyo, maana itajionyesha yenyewe. Kisha na ajiulize kwa nini mwandishi amepindua: je, ataka kutia nguvu, au ni desturi ya barua za heshima?

Katika kuandika, na tuwaonye wasizidishe. "Here comes" ni maneno ya kila siku, lakini "never have I" yafaa hotuba na maandishi ya heshima. Mtu akiyatumia sokoni watu watamcheka, na akiyatumia katika kila mstari hapana hata mmoja utakaokuwa na nguvu.

Lakini kusoma ni kwanza, kuandika ni pili. Watu wengi hutuletea barua zao kwa kututumaini, nao hawawezi kujua kama tumesoma sawa. Afadhali kumwambia mtu, "Mzee, niachie hata kesho niulize," kuliko kumjibu upesi na kumfungia mwanawe mlango uliokuwa wazi.