Bomu la Ardhini Halifi kwa Uzee

Kila ninapozungumza na watu kuhusu utegaji na uteguaji wa mabomu, naulizwa lile lile: "Mabomu ya ardhini si yalipigwa marufuku mwaka 1997? Na hayo ya zamani si yameshaoza?" Juzi kaniuliza mwalimu wa sekondari. Uvumilivu umeniisha. Hayajaoza.

Kinachooza ni ganda, tena la mbao. Chukua PMD-6 ya Kisovieti: kisanduku cha mbao chenye gramu 200 za kilipuzi cha TNT. Ukikanyaga mfuniko, unaisukuma pini itoke kwenye fyuzi. Mbao ikiliwa na mchwa, mfuniko unalegea, pini inabaki imeshikilia kidogo tu. Bomu lililohitaji mguu mzima sasa linaweza kulipuka kwa mguso wa jembe. TNT yenyewe haiyeyuki kwa mvua, na bomu jingine, PMN, lenye ganda gumu la plastiki na mfuniko wa mpira, mchwa hawalihangaishi kabisa. Ndiyo, zipo springi zinazoshika kutu bomu likafa. Lakini lililokufa na lililo hai yanafanana, na hakuna anayeyatofautisha kwa macho.

Anayebisha aende El Alamein, Misri, ambako mabomu ya mwaka 1942 yamewaua wachungaji waliozaliwa miongo mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Au atazame karibu: ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, Wareno walitega mabomu kuwazuia wapigania uhuru wa FRELIMO waliovuka kutoka Tanzania. Wareno waliondoka mwaka 1975. Zaidi ya miaka 30 baadaye, wateguaji walikuwa bado wanayachimbua. Masika zote hizo hazikuwapunguzia kazi.

Mkataba wa Ottawa, ndio huo wa marufuku ya mwaka 1997, nao hautegui chochote. Unakataza kutumia, kutengeneza, kuhifadhi na kuhamisha mabomu yanayolenga watu. Kisha unaipa nchi miaka 4 kuteketeza akiba yake na miaka 10 kusafisha ardhi. Hiyo 10 ni ya watu kufanya kazi, si ya bomu kuchakaa! Msumbiji ilifikia ukomo wake mwaka 2009 haijamaliza, ikaongezewa muda, ikatangaza kumaliza Septemba 2015. Walimaliza kwa kupiga magoti na kupekua udongo kidogo kidogo, wakisaidiwa na panya buku waliofunzwa Morogoro kunusa TNT, ambao ni wepesi mno kulipua bomu. Kazi hiyo ndiyo Lithuania, Latvia, Estonia, Finland na Poland zinayowaandalia wajukuu wao, baada ya kuamua mwaka 2025 kujitoa kwenye mkataba. Naona wamekosea vibaya.

Wewe je? Ukiona kitu usichokielewa shambani, simama. Usikiguse, usikirushie jiwe, usichome nyasi, usipitishe ng'ombe "wajaribu." Waonye wenzako kwa sauti. Rudi kwa kukanyaga nyayo zako kama unaziona vizuri. Huzioni, baki hapo hapo uite msaada. Ukishatoka, zuia watoto, toa taarifa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji, na usirudi kuwaonyesha watu.